Ndoo Mbili za Maji ya Moto

Saltley, Birmingham
Mwezi wa Tatu, 1970

Kwako Dada Wakesho,

Usianze kuisoma hii kwa sauti. Najua Mama ameshavuta kigoda akakaa karibu yako, kama kawaida yake barua yangu ikifika. Mwambie Mkamburi hajambo, anakula, na ameandika habari za hali ya hewa tu. Si uongo. Kisha uisome peke yako.

Je, wewe hujambo? Kifua cha Mama kimetulia? Na mguu wa shemeji, ule alioukata kwa jembe, umepona? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, dada, na hapa sina wa kumweleza.

Theluji ilianguka siku mbili bila kupumzika, wakati tulipodhani baridi imeshatuaga. Mabasi yalisimama, nami nikatembea kutoka hospitalini ninakosomea uuguzi hadi nyumbani na jozi tatu za soksi miguuni. Siku ya tatu jua likatoka. Theluji ikaanza kuyeyuka, weupe wake wote ukageuka tope jeusi, na viatu vyetu vikalileta hadi mlangoni.

Nilikwisha kukuandikia ninapoishi: chumba cha juu kwa wale Singasinga waliohama kutoka Kisumu, Balbir na mkewe Jasbir, pamoja na baba yake Balbir, Mzee Gurdev. Mzee alikuwa seremala Kisumu miaka mingi. Katika mtaa huu wote ni yeye anayenisalimu kwa Kiswahili kila asubuhi, kile chake cha dukani kisichojua ngeli: "Habari ya usingizi, mama? Baridi nakula wewe?" Salamu hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani siku nyingi. Nilipokuwa natafuta chumba, katika nyumba nyingi waliniambia kimeshachukuliwa mara tu waliponiona uso. Yeye alimwambia mwanawe, "Huyu mtoto ya Kenya, lete ndani."

Basi alasiri ile niliona aibu kwa lile tope. Mtu aliyelelewa na Mama hawezi kupita mlango mchafu akalala. Nikachukua ufagio, nikachemsha maji, nikamwaga ndoo mbili kwenye ngazi za mlangoni na kusugua hadi mawe yakatakata. Jasbir alinitazama dirishani akacheka, akaniita ndani ninywe chai. Redio ya jikoni ilikuwa ikisema kwamba usiku huo mbingu itakuwa safi kabisa. Nikafurahi. Kwetu Taita ukungu ukiondoka na mbingu ikawa safi, si tunaanika mahindi? Sikujua kwamba huku mawingu ndiyo blanketi. Yakiondoka wakati wa baridi, joto lote linakwenda zake, na kila palipo na maji panakuwa barafu. Watu wa huku wakisikia habari hiyo hutoka na chumvi au majivu, wakanyunyiza mlangoni. Mimi nilikuwa nimetoka na maji.

Asubuhi Mzee Gurdev alikwenda kuchukua chupa za maziwa. Nilisikia kishindo nikiwa nafunga viatu. Nilimkuta amelala ubavu, kilemba kimemtoka, nikamfunika kichwa kwanza maana najua kwao ni aibu kubwa.

"Mguu yangu nakufa, mama," aliniambia. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Balbir akatoka, akaona zile ngazi ni barafu tupu. Mimi hakuniuliza kitu. Alirudi jikoni, akaleta pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa, akaishika mbele ya uso wa mkewe na kumfokea kwa Kipunjabi hadi majirani wakafungua madirisha. Jasbir aliinamisha kichwa. Alinitazama mara moja tu, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilijiambia nitasema jioni, mambo yakitulia. Jioni nikajiambia kesho.

Leo ni siku ya tisa. Balbir hasemi na mkewe. Ndugu zao wanaokuja kumpa pole hawapokei chai kutoka mkononi mwa Jasbir. Juzi nilimfuata jikoni nikamwambia ninakwenda kumweleza mumewe ukweli. Aliniziba mdomo kwa mkono wenye unga wa chapati.

"Please, sister, usiseme. Ukisema, ataniuliza mimi nilikuwa wapi. Atajua niliona, nikanyamaza siku hizi zote. Kosa moja atasamehe. Mawili, atanirudisha kwa baba yangu."

Ningesema siku ile ya kwanza, ningehama na begi langu, na mambo yangeishia hapo. Uoga wangu umemfunga mwenzangu. Wala usiniandikie kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nimeshajisemea hilo hadi nimechoka.

Nikaona aliyebaki ni Mzee mwenyewe. Akisema amesamehe, Balbir hatapinga neno la baba yake. Jana baada ya zamu nilikwenda wodini kwake. Homa ya mapafu imemshika, kama inavyowashika wazee wanaolala chali siku nyingi. Darasani nilifundishwa hivyo. Nilimshika mkono nikamweleza yote kwa Kiswahili, polepole: yale maji, zile ngazi, lawama za Jasbir. Alinisikiliza macho yakiwa wazi. Kisha akatabasamu.

"Vizuri, mama," akasema. "Mwaga tena. Hapa Kisumu vumbi mingi."

Muuguzi wa zamu aliniuliza mgonjwa amesema nini. Nikamjibu kwamba anaomba maji.

Redio ya leo imesema baridi itaendelea hadi mwisho wa juma, upepo ni wa mashariki, na huenda theluji ikarudi Jumapili. Siku hizi nasikiliza kila neno. Jasbir ananyunyiza chumvi asubuhi na jioni, hata pakavu, na vidole vyake vimepasuka. Daktari anasema tusubiri tu. Ninachosubiri mimi ni homa imwachie Mzee hata saa moja, anitambue, nimwambie upya. Asipozinduka, Jasbir atabeba kosa langu maisha yake yote, nami nitakuwa nakula chapati zake.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie Mjomba Mwakio, aliyenibebea sanduku hadi stesheni ya Voi, na shangazi yetu wa sokoni. Mama mwambie aniombee, na asiulize kwa nini.

Utakapojibu, dada yangu, usiniambie kwamba sikukosa. Hilo nimeshaambiwa, na aliyeniambia hakujua hata yuko wapi.

Mdogo wako anayekulilia,
Mkamburi