Maji ya Mama Kalunde

Nduta, uko? Mama amemwaibisha Askofu Kisilu leo kanisani Zombe, mbele ya kamera.

Ilikuwa ibada ya kumuaga, anastaafu. Mhubiri akasimulia tena ile njaa ya 1984, jinsi Kisilu alivyopiga magoti akawaosha wazee wa kanisa miguu. "Huo ndio unyenyekevu!" Makofi. Mama akasimama na bakora yake. Mama, Nduta! Yule haongei hata kwa harusi!

"Yale maji yalikuwa yangu."

Akaeleza polepole. Alikuwa amechimba mchanga wa mto uliokauka akitafuta maji tangu alfajiri, akapita kanisani na mtungi mgongoni, Kisilu akautaka kwa ibada. Nani angemnyima mchungaji? Wazee walikuja na miguu safi, ndani ya soksi. Akawaosha, akamwaga maji nje. Jioni ile mahindi ya njano ya msaada yalibaki makavu kwenye sufuria, na sisi watoto wake tukalia mpaka usingizi ukatuchukua.

Askofu akashuka madhabahuni, macho mekundu. Nikadhani anaomba msamaha.

"Leteni beseni! Leo namwosha mama huyu."

Beseni, Nduta! Beseni tena! Akapiga magoti mbele ya Mama, mpiga picha akakimbia mbele.

Mama akavuta miguu chini ya benchi. "Miguu niliosha nyumbani, Askofu. Wewe nirudishie maji."

Kisha akanishika mkono, tukatoka. Kisilu tulimwacha amepiga magoti mbele ya benchi tupu, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.