Hema Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 11 Mei

Saa kumi na moja alfajiri. Nimepangusa matone kwa ndani ya hema kabla hayajadondokea sare. Nimevaa nikiwa nimepiga magoti, maana ni katikati tu ndipo mtu anaweza kusimama, na katikati amelala Neema. Amekohoa usiku kucha. Mdogo wangu ana mwaka mmoja na nusu. Miezi minane kati ya hiyo ameishi hapa uwanjani kwa kanisa, tangu ziwa liingie kwetu.

Shuleni hakuna anayejua. Nikiulizwa nasema naishi Bondeni, karibu na kanisa. Si uongo. Si ukweli pia.

Naandika hapa kwa Kiswahili. Insha zangu za Kiingereza hupata alama nzuri, lakini humo huwa nina chumba changu na dirisha linaloangalia bustani.

Leo ilikuwa klabu ya wanyamapori. Madam Kerubo, mwalimu wetu wa Jiografia, amesema Ijumaa tunaenda kupiga kambi mbugani, kando ya ziwa, turudi Jumapili. Watu wakapiga kelele mpaka darasa la jirani likasikia. Halafu akasema hema alizoazima ni nne na zinatosha watu ishirini. Sisi ni ishirini na watano. Watano wa mwisho kwenye orodha watabaki, labda hema la tano lipatikane.

Mimi ni wa ishirini na nne. Siku ya kujiandikisha niliogopa kusukumana.

Jioni nikamwambia Baba. Ilikuwa hadithi tu, ya kupitisha muda ugali ukiiva. Baba alikuwa anashona kiatu cha mtu. Akavuta uzi, akakata kwa meno, akasema, "Tenti si tunayo?"

Mama akaacha kupepea jiko.

Jumanne, 12 Mei

Nimesema sitaki kwenda. Mara tatu. Nimesema hata mtihani hauulizi mambo ya kambi.

Baba hapigi kelele. Anashika neno moja na kukaa nalo. Amesema amezaliwa karibu na ule ua wa mbuga, amekulia hapo, akaoa na kujenga hapo, na hajawahi kuingia ndani. "Simba tumewasikia tu miaka yote. Wewe nenda ukawaone."

Mama akauliza Neema atalala wapi. Ukumbi wa kanisa una kesha Ijumaa na harusi Jumamosi. Limebaki jiko la kanisa. Lina paa. Kuta halina.

"Ni siku tatu tu, Mama Neema."

Mama amemfunga Neema leso mbili kifuani, akampa mgongo Baba.

Ningesema hapana mara ya nne, ingekwisha. Sikusema. Nataka kwenda. Hilo ndilo linalonichoma.

Alhamisi, 14 Mei

Sijui nitaliandikaje hili. Nitaliandika tu.

Asubuhi nilimsaidia Baba kulikunja hema. Chini yake nyasi zimekuwa nyeupe kama kitu kilichokufa. Vitu vyetu vyote, godoro, sufuria, mashine ya viatu, vilikuwa vimekaa pale nje na kila mtu aendaye sokoni anaviona. Baba akasema atalileta shuleni mwenyewe kwa mkokoteni saa nne. Nikamwambia aache tu kwa mlinzi getini. Akasema sawa.

Hakuacha kwa mlinzi. Saa nne ilikuwa mapumziko, uwanja umejaa. Nikamwona anasukuma mkokoteni kutoka getini mpaka staffroom, peke yake, jasho. Baba ni fundi wa viatu, na kama mafundi wote viatu vyake mwenyewe huwa vimechoka. Leo aliving'arisha. Vilikuwa vinawaka kama vya bwana harusi. Alikuwa anaenda kuonana na mwalimu wangu.

Madam Kerubo akaniita kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hema limepatikana. Sharlene alikuwa kando yangu. Sharlene ni rafiki yangu, yule mmoja niliye naye. Na Mwende pia alikuwepo, na Mwende ana mdomo.

Madam akauliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikasema, "Ni mtu wa kanisa, Madam."

Tabasamu halikuondoka usoni mwake. Lilibaki tu pale bila mwenyewe. Akavua kofia. "Ndiyo, mwalimu," akasema. "Nimetumwa na kanisa." Kisha akanigeukia, akaniambia kama mtu anavyomwambia mtoto wa wenyewe, "Haya mwanafunzi. Soma kwa bidii."

Akasukuma mkokoteni akaenda.

Jioni, pale jikoni kwa kanisa, alimwambia Mama kwamba mwalimu wangu ni mtu wa heshima sana. Nimekuta kwenye begi langu sindano yake ya viatu na uzi wa nailoni, amevifunga kwa gazeti. Kama hema litararuka huko.

Natamani angenipiga.

Ijumaa, 15 Mei

Tumeingia kwa geti jipya. Lile la zamani liko ndani ya maji, tumeliona paa tu. Miti imekufa imesimama ziwani, mingi, myeupe. Wenzangu wameona nyati, pundamilia, kifaru kwa mbali. Mimi nimeona hema letu likitupwa chini kutoka kwenye basi kama gunia la viazi.

Hakuna aliyejua kusimamisha hema. Hata askari wa mbuga aliyetusindikiza alikuwa anacheka. Letu nililisimamisha kwa dakika chache, mikono ilifanya yenyewe. Sharlene akashangaa. "Wee! Umejulia wapi?"

"Kwa video."

Tuko watano ndani. Mwende ndiye aliyeingia kwanza, akatoka ameziba pua. "Manze, hii kitu inanuka moshi. Kwani walikuwa wanapikia ndani?" Akaona kile kiraka cha ngozi nyeusi Baba alichoshona karibu na mlango. Akaona namba 17 ya rangi nyekundu, tuliyoandikiwa siku ya kugawiwa hema baada ya mafuriko. Akasimama mlangoni kama MC wa harusi. "Wageni waheshimiwa, karibuni kwa kambi ya wakimbizi! Kila mtu apange laini, blanketi ni moja moja!"

Wakacheka mpaka wakaketi chini.

Nilicheka pia. Niliisikia sauti yangu ikicheka.

Wamejilaza na viatu mahali anapolala Neema. Mwende amechomeka klipu za nywele ukutani. Ni ukuta wetu. Kila anayeingia anavuta zipu kwa nguvu na ile zipu inataka kubembelezwa, kwanza juu kidogo ndipo chini. Siwezi kuwaambia. Nikiwaambia wataniuliza najuaje.

Mawingu yamekaa juu ya mlima wa Menengai, upande wa kwetu. Jiko la kanisa halina kuta.

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi tulipanda kwenye mwamba wa juu. Ziwa lote linaonekana. Madam akaeleza jinsi lilivyopanda, akasema watu walihama. Neno lenyewe likapita hivyo, walihama, kama watu waliopata nyumba nzuri zaidi.

Ng'ambo kule nikaona mtaa wetu. Mapaa tu, juu ya maji. La kwetu ni la buluu, Baba alilipaka mwenyewe. Ndege wamelikalia.

Sharlene akanipa simu yake. "Nipige moja, hizo nyumba zitokee nyuma. Ni kama ziko kwa boti, ona." Nikampiga picha. Paa letu lilitokea kati ya sikio lake na bega. Akaipenda sana. Hata nilimwambia atabasamu. Najiogopa.

Tuliporudi kambini nyani walikuwa wameshamaliza kazi. Askari alikuwa amesema chakula chote kibaki kwenye basi. Mwende alikuwa ameficha mkate kwenye begi, ndani ya hema. Nyani hajui zipu. Ameingia kwa ukuta. Mpasuko unatoka mlangoni mpaka nyuma, mrefu kuliko mkono wangu wote, na kitambaa kinapepea kama ulimi.

Nilisimama tu. Nilikuwa naona godoro letu, na mvua.

Mwende alikuwa analia kwa sababu ya begi lake. Sharlene akamwambia amewaharibia watu hema. Mwende akajifuta machozi. "Aah, si ni ya kanisa. Watapewa ingine."

"Hawatapewa," nikasema.

Wote wakaniangalia. Sijawahi kumjibu Mwende kitu.

Nikatoa sindano. Nikaanza kushona kutoka juu, mshono wa viatu, kwenda na kurudi, jinsi Baba anavyoshona soli. Wengine wakaenda kuangalia flamingo. Mvua ikaanza kidogo kidogo. Madam Kerubo akaja na mwavuli, akachuchumaa, akanishikia pande mbili za kitambaa zikutane. Tukakaa hivyo muda mrefu. Hakuniambia niache.

Halafu akasema polepole, "Yule mzee wa Alhamisi alikuwa amepiga viatu rangi vizuri sana."

Nilijua anauliza nini. Aliniachia nafasi kabisa. Ningesema neno moja. Mdomo ukakataa mara ya pili. Nikaendelea kushona mpaka vidole vikatoka damu.

Uzi umeisha kabla ya mpasuko kuisha. Imebaki kama shubiri moja. Nimebana kwa klipu za Mwende.

Sasa inanyesha sana. Maji yanaingia pale pa klipu, kidogo tu, na hawa wanalalamika wamelowa. Wana blanketi mbili kila mtu. Neema ana leso mbili. Mungu, hata kama umenikasirikia, usiniadhibu kupitia kifua cha yule mtoto.

Jumapili, 17 Mei

Kwenye basi Madam alisema hema zote zitashushwa shuleni, na yule mtu wa kanisa ataitwa kesho achukue lake.

Kesho. Maana yake usiku mwingine bila kuta.

Nilikaa na neno hilo kutoka geti la mbuga mpaka tukaingia mjini. Mvua ilikuwa inapiga vioo. Basi likafika barabara ya kanisa na nikaliona lile jiko, na mtu amejikunja chini ya paa. Nikasimama. Mimi, kwenye basi, mbele ya watu ishirini na wanne.

"Dere, simamisha hapa."

"Hapa kuna nini, msichana?"

"Ni kwetu."

Dereva akamwangalia Madam kwenye kioo. Madam akasema, "Simamisha."

Nikashuka, nikalivuta hema kutoka kwenye buti. Lilikuwa limelowa, zito kama mtu. Baba alikuwa amekunja suruali, anachota maji kwa sufuria yasifike kwenye godoro. Alipoona basi la shule alifunga vifungo vya shati haraka haraka. Akaja akikimbia kwenye matope, bila viatu. Akaona madirisha yote yana nyuso. Akasimama mbali kidogo nami, kwa adabu.

"Karibu, mwanafunzi," akasema kwa sauti, ili wasikie. "Asante sana. Kanisa linashukuru."

Alikuwa bado ananitunzia uongo wangu. Kwenye mvua.

"Baba," nikasema, "shika upande ule."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nadhani hata walio kanisani walisikia. Baba alishika upande ule.

Ndani ya basi Mwende aliangalia chini. Sharlene akashuka bila kuitwa, akabeba vyuma vya hema, akaja nyuma yetu akiteleza na viatu vyake vyeupe. Akaona godoro. Akaona Mama na Neema. Akakaa muda hajui aweke wapi vyuma. Kisha akatoa simu, akafungua ile picha, akauliza kwa sauti ndogo, "Yenu ni ipi?"

Nikamwonyesha ile ya buluu.

Jumanne, 19 Mei

Neema amepelekwa kliniki jana. Ni kifua kilekile, kimezidi. Amepewa dawa ya chupa. Mama bado hajaongea na Baba vizuri, na mimi ananiongelesha kwa mambo ya kazi tu. Ana haki.

Shuleni Mwende hajasema kitu. Sharlene ameleta sweta la mtoto, akaniwekea kwenye dawati, akaenda zake. Madam anataka nimwandikie ripoti ya kambi kwa Kiingereza. Nimeandika sentensi moja na kuifuta.

Kumwomba Baba msamaha nimejaribu. Mara tatu. Ninamfikia, halafu naomba chumvi.

Jioni hii amemalizia ile shubiri iliyobaki. Nilidhani atafumua na mshono wangu, maana umepinda vibaya na yeye hawezi kuvumilia mshono uliopinda, hata wa kiatu cha chokoraa. Hakufumua. Ameunga wa kwake palepale wangu ulipokomea, akapaka nta yote miwili. Akazunguka nje akachimba upya mfereji wa kuzuia maji.

Aliporudi akaketi, akauliza bila kuniangalia, "Na simba ulimwona?"

"Hapana, Baba. Tulimsikia tu."

"Aa," akasema. "Kama sisi."

Mvua imeanza. Mpaka sasa hakujadondoka kitu.