Usiende Kutubu Maji Ambayo Hukuiba

Mdogo wangu Asajile,

Ugonile. Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako na za shemeji Tusekile, nakuambia jambo nililolificha tangu tukiwa vijana wenye meno yote: maji ya tangi hayakuibwa. Si na wewe, si na mtu mwingine yeyote. Nilijua hivyo siku walipokutenga kanisani, na nimeendelea kujua mpaka leo.

Sasa ndiyo nakusalimu. Mimi hapa Mwanza kwa binti yangu Atupele niko kama unavyonisikia kwenye simu, sentensi moja halafu kikohozi. Daktari ana adabu, hanitajii muda, ila ameacha kunikataza chumvi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza na kucheka, na pumzi zangu hazitoshi kugombana nawe.

Maana nimekasirika, Asajile. Tangu uliponipigia nimekasirika hadi Atupele ananiuliza kama uji umeungua.

"Kaka, wamekubali!" ulisema. "Jumapili ya mwisho wa mwezi huu narudi kundini."

"Unarudije?"

"Nasimama mbele, natubu, mchungaji ananipa mkono, basi."

"Unatubu nini?"

"Si yale maji."

"Kwani uliiba?"

Ukacheka. "Kaka nawe! Na umri huu nianze kubishana na wazee wa kanisa? Natubu tu yaishe. Nikifa leo watanifukia kimyakimya kama mbwa. Nataka kengele na nyimbo, hata kama sitazisikia."

Nikamsikia shemeji nyuma yako akipaza sauti: "Mwambie mimi ndiye niliyemlazimisha! Nimechoka kukaa kanisani peke yangu kama mjane!"

Ningekuwa na nguvu ningeitupa ile simu. Utasimama mbele ya wajukuu wako useme wewe ni mwizi ili upate kuzikwa vizuri? Kanisa gani linauza kengele kwa bei ya uongo? Na wewe mtu gani, unanunua? Miaka yote hiyo umekaa nje ya Meza ya Bwana kwa kosa lisilokuwepo, na leo unataka kulitengeneza kwa mdomo wako mwenyewe. Nakukataza. Nakukataza kama kaka yako, na kama unaona ukaka hautoshi, basi kama mwalimu wako wa hesabu.

Kaa hapo unisikilize. Msomee na Tusekile, yeye ana kichwa chepesi kuliko chako.

Unakumbuka walipojenga tangi pale Ikuti walinitaka niwahesabie kama chemchemi itatosha. Nilikuwa na shahada yangu mpya, nafundisha Tukuyu, kila mtu ananiita Mwalimu hata bibi zangu. Nikaenda kwenye chemchemi mwezi wa nne na ndoo ya lita ishirini na saa ya mkononi. Ndoo ilijaa kwa dakika moja na sekunde chache. Maana yake lita elfu moja kwa saa. Tangi linabeba elfu kumi.

Nikachora grafu. Darasani kitu kama kile tulikiita fanksheni: unaingiza saa, inakupa lita. Ila tangi halifuati kanuni moja siku nzima, kwa hiyo fanksheni yake ina vipande, na kila kipande kina kanuni yake. Usiku bomba zimefungwa, maji yanaingia tu, mstari unapanda. Kabla ya kukucha tangi limejaa, maji yanayozidi yanamwagika, mstari unalala. Asubuhi mnafungua bomba, kina mama wanachota elfu tatu kwa saa huku elfu moja ikiingia, mstari unashuka taratibu mpaka adhuhuri. Kufikia hapo kila nyumba imeshapata, na mchana kinachoingia kinachotwa hapo hapo mpaka bomba zifungwe jioni.

Ilikuwa kazi safi, siikatai. Mkaibandika kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Wageni wa wilayani waliipiga picha. Vijiji viwili viliniomba niwachoree na wao.

Kisha kikaja kiangazi. Tangi likawa linakauka kabla ya saa tatu asubuhi, na kina mama wa kitongoji cha chini wanarudi na ndoo tupu. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo wa koki kuu. Wewe ndiye uliyekuwa unafyatua matofali ya nyumba yako. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

"Matofali yanakandwa kwa mate?" wazee wa kanisa walikuuliza.

Ukawaambia unateka maji mtoni kwa ndoo, na Tusekile akawaonyesha kichwa chake kilivyonyonyoka nywele kwa kubeba. Wakamcheka. Halafu wakakushika mkono wakakupeleka ghalani, mbele ya grafu yangu. "Soma hapa! Mwalimu, kaka yako mwenyewe, ameandika: usiku tangi linajaa. Sasa mbona halijai? Nani anafungua usiku?"

Mchoro wangu ndio uliokuwa shahidi dhidi yako. Hakuna aliyekuona, Asajile. Hakuna aliyekuta koki imefunguliwa. Walikuwa na mstari wangu tu.

Na mstari ule ulikuwa wa masika! Mjinga gani anapima chemchemi mwezi wa nne, Rungwe, mvua inanyesha hadi mawe yanaota ukoka, halafu anawaandikia watu maji ya mwaka mzima? Mwanafunzi wa kidato cha tatu ningemkata maksi kwa hilo. Kila kanuni ina mipaka yake, nimewaimbia watoto wa watu wimbo huo mpaka nikastaafu. Grafu ile ilitakiwa iwe mbili, ya mvua na ya kiangazi, na sikuandika popote kwamba niliyowapa ni ya mvua tu.

Hii hapa ya kiangazi. Chemchemi inapungua, ndoo inajaa kwa dakika tatu. Hiyo ni lita mia nne kwa saa. Kutoka saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi inaingia elfu nne na mia nane, hata nusu ya tangi haifiki. Kile kipande cha kati, cha tangi kujaa na kumwagika, hakipo kabisa. Bomba zikifunguliwa, maji yanapungua elfu mbili na mia sita kwa saa. Gawanya. Saa mbili hazitimii, tangi ni kavu. Hakuna mwizi ndani ya hesabu hiyo. Nimemtafuta, hayumo.

Sasa ni Oktoba, na kiangazi bado kinawaka. Barua hii naituma kwa basi pamoja na kifurushi cha dagaa, itafika kabla ya Jumapili hiyo. Mpe mchungaji. Mwambie nataka isomwe mbele ya watu, yote, pamoja na maneno niliyolitukania kanisa. Kama wazee hawaamini, waende chemchemini na ndoo na saa, wapime wao wenyewe. Wakishapima, wao ndio wasimame mbele, na wewe ukae kwenye benchi kama mtu.

Nisalimie shemeji, na umwambie namheshimu kwa kuketi peke yake miaka yote hiyo. Msalimie dada yetu mkubwa kule Masoko, kama bado anasikia. Wasalimie wanao na wake zao, na yule mjukuu wako anayesomea ualimu. Yeye umpe karatasi hii baada ya mchungaji, aisome polepole.

Limebaki moja, nalo mkono unakataa kuliandika.

Kila tunapoonana unanishukuru. "Kaka, wote walinigeuka, wewe tu hukufungua mdomo." Unalisema mbele za watu, hata kwenye msiba wa mama ulilisema, na mimi nikaitikia ndaga, asante nawe, nikala chakula chako. Siku ya kikao cha wazee walikutoa nje, hukusikia yaliyosemwa ndani. Alfajiri ile nilikuwa nimekwenda chemchemini na ndoo yangu, nikahesabu dakika tatu, nikarudi na hesabu yote kichwani. Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, mwenye hesabu ni wewe, na anayeshtakiwa ni ndugu yako. Tangi hili laweza kukauka lenyewe, pasipo mtu kuligusa?"

Nilisimama, nikawaambia haliwezi.

Kaka yako,
Ambakisye