Kichupa Chenye Harufu ya Stroberi

Mjukuu wangu Salma,

Nakusihi haya yabaki kwako, hata mama yako asiyajue. Sisi wazima, bibi anakusalimu. Najua unanicheka, babu wa kiukoo niliyekuzidi miaka michache tu, lakini nisikilize.

Umeuliza kama maji ya vepu, ile sigara ya umeme, yana madhara, maana yananukia matunda. Yana nikotini, sumu ya tumbaku. Hapa Kariakoo, dukani ninakofanya ukarani, tajiri huyanunua kwa dumu, nasi huyamimina kwenye vichupa vilivyokuwa vya arki, ile ya kutia ladha kwenye keki. Mama Zuhura, mpika chai wetu, alidhani ni arki ya stroberi, akaitia kwenye juisi yake.

"Karani, arki yenu leo inawasha koo!" alinitania, akamaliza glasi. Kisha akatapika, akatetemeka mwili mzima. Alifia njiani tukimpeleka hospitali.

"Presha hiyo," tajiri alituambia. "Tumeelewana?"

Tungali tunamimina.

Hicho kichupa ulichonunua huko Lindi usikivute, wala usikiache wanapofika wadogo zako. Usinipigie dukani, tajiri husikiliza. Mpigie shemeji yangu, yule fundi cherehani wa Mchafukoge, umwambie anipigie dukani aseme suruali ya babu imekwisha. Nitajua ni wewe, nitatoka nje nikupigie.