Bibi Kavaa Helmeti Yangu

Kilosa, Jumanne

Sasa rafiki yangu Masanja nitamwambia nini? Siti ya nyuma ya pikipiki ni yake, na safari tumeipanga pamoja: Mikumi, tupande milima ya Kitonga, tushukie Ziwa Nyasa, tumalizie baharini Mtwara. Kijiwe kizima nimekitambia. Dereva kama mimi hajazaliwa wilaya hii!

Jioni nikaingia chumbani kwa bibi kumuaga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikazia macho.

"Mume wangu, unakwenda baharini na Masanja, mimi mkeo unaniacha na kuku?"

Nikacheka. Utani wetu huo. Tangu utotoni namwambia, "Mke wangu, nikikua nitakupeleka ukaione bahari."

Yeye hakucheka. "Si umeshakua? Na mimi ndiyo naisha."

Akaivaa helmeti yangu juu ya ushungi, akauliza kama imemkaa.

Mgongo wake mbovu. Akizidiwa njiani je? Na nikimwacha, halafu nirudi nikute...

Basi, bahari kwanza, na bibi siti ya nyuma. Milima haihami. Masanja atanuna, kijiweni watanicheka, maana mimi mfalme wa mwendo nitaendesha kama nimebeba trei la mayai.

Nasikia anakohoa chumbani kwake. Helmeti hajairudisha.