Papa, Simu Nimenunua Bila Kuweka Kidole

Kwako Papa, uliyelala Mashuuru,

Kwanza ujue nimenunua simu. Ile ya zamani ilianguka kutoka kwenye ngazi nikiandika bango hapa Noonkopir, Kitengela, kioo kikavunjika. Siku hizi mteja hakuelezi kazi kwa mdomo, anakutumia picha kwa WhatsApp. Bila simu ya maana mimi ni mtu tu aliyebeba brashi.

Bango lenyewe lilisema PLOTI ZINAUZWA. Hiyo kazi huku haikosekani, na hakuna anayeifanya vizuri kunishinda.

Napanga orofa ya tatu. Kwa hesabu yangu, kitanda changu kiko juu kabisa ya mahali ulipokuwa ukinywesha ndama. Nalipa kodi nilale hewani juu ya malisho yako. Najua hapo ungecheka.

Unaikumbuka siku ya wale wanaume watatu wa gari jeupe. Walikuja na karatasi nyingi za kununua shamba letu na kile kidude cha wino, na mmoja akawa anakuita "baba" kila baada ya maneno mawili. "Leo ndiyo mwisho, baba. Kesho tunaenda kwa jirani." Ukaweka kidole. Wino wa zambarau ulikaa kwenye kucha yako wiki nzima, na Mama akawa anauangalia kila ukishika kikombe. Pesa zilinunua pikapu, pikapu ikanunua matatizo, tukahamia Mashuuru.

Halafu nikakua. Nikajifundisha kusoma chochote kilichoandikwa, hata magazeti ya kufungia nyama, na kichwa kikavimba. Mwaka wako wa mwisho nilikuja nyumbani na hasira ya kodi, nikakwambia mbele ya Mama: "Papa, kidole kimoja kimetumaliza nyumba nzima. Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza karatasi inasema nini."

Hukupandisha sauti. "Niliuliza," ukasema. "Wakacheka."

Sikukuamini. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshikwa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita niliingia duka la kampuni moja ya simu, Kitengela mjini. Msichana wa kaunta, beji yake imeandikwa Faith, akaniwekea simu mbili mbele. Moja ndogo, nzito, jicho moja nyuma. Nyingine nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, macho matatu.

"Boss, wewe ni mtu wa kazi. Chukua hii ya kamera tatu."

Nikapiga picha bango langu lililo ng'ambo ya barabara. Kila herufi ikatoka safi kuliko nilivyoiandika. Nikaipenda, sifichi.

"Unalipa kidogo leo, zingine pole pole, miaka miwili," Faith akasema, akinisogezea kompyuta ndogo ya mkononi yenye alama ya duara inayowaka. "Weka tu kidole hapo."

Papa, kidole changu kilikuwa tayari hewani. Mimi huyu, msomaji wa magazeti ya nyama.

Nikakirudisha. "Wacha nisome kwanza inasema nini."

Akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka tu. "Boss, hiyo hakuna mtu husomanga."

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu kwa foleni akadakia: "Mzee, kwani unanunua simu ama shamba?"

Duka likaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni.

Nilisimama pale masikio yakichoma, na hapo ndipo nilipokuamini, miaka sita baada ya kukuzika. Kweli uliuliza.

Nilisoma nimesimama, karibu saa nzima. Kilikuwa Kiingereza cha mawakili, kile kinachozunguka nyumba mara tatu kabla ya kubisha hodi. Lakini nilikielewa. Simu ingekubali laini yao peke yake mpaka miaka miwili iishe, na ikiibwa, ningeendelea kulipa. Na laini yao, Papa, haishiki kwa Mama kule Mashuuru. Ningekuwa na macho matatu na nisimpate mama yangu.

"Ofa inaisha leo saa kumi na moja," Faith akanikumbusha.

"Wacha iishe, dada yangu."

Kesho yake nilipita, ofa bado ilikuwa mlangoni. Leo pia iko, na aliyeiandika hajui kupanga herufi.

Nilinunua ya jicho moja duka la pili, nikalipa nikamaliza. Inabeba laini mbili. Nikampigia Mama. Hakuuliza kamera. Aliuliza, "Hiyo simu ni yako ama ni yao?"

"Ni yangu, Yeyo."

"Basi ongea, nakusikia."

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa huko kwenu aliniita nimsomee karatasi za watu wa ploti. Tulikaa nje kwake, nikasoma ukurasa kwa ukurasa, nikimgeuzia kila neno kwa Kimaa chetu. Aliuliza maswali kumi na moja. Wale wanunuzi walitaka kucheka, nikawaangalia, wakaacha. Hakuweka kidole.

Maneno niliyokwambia mbele ya Mama nayarudisha yote, Papa. Ulifanya nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba mimi niliweza kusoma jibu. Na siku ile niliondoka bila kukuinamishia kichwa unishike, kama mtoto anavyoagana na baba yake kwetu.

Sasa nimeinama. Weka mkono.

Mwanao wa pili