Sababu ya Asiyerudi

Ilongero

Baba Flora,

Hatujambo, na mtama umekauka vizuri. Mgonjwa wenu wa ngiri uliyeniagiza nimtafute, Mzee Njiku, nilimfuata kwa bodaboda hadi kwake. Kidonda kimepona. Hakurudi kliniki kwa sababu ng'ombe hawakuwa na mchungaji, basi.

Ulisema ripoti ya utafiti wenu wa upasuaji haipokelewi mpaka imhesabu kila mgonjwa aliyeanza, hata aliyepotea, na sababu ya kupotea kwake iandikwe. Nilipenda sana utaratibu huo.

Sasa, mume wangu, nyumba hii ilianza na watu watatu. Mmoja hajarudi tangu mavuno ya mwaka juzi. Flora ananiuliza sababu. Niandike nini?

Mkeo bado,
Scholastika